Pampu ya Joto na Paneli za Jua kwa Maji ya Kuoga: Mwongozo Kamili wa Kufunga Mtambo Huu Lubumbashi

Kwa misimu miwili ya baridi mfululizo nimekuwa nikiitwa kwenye nyumba za Kampemba, Katuba na Bel-Air kuangalia tatizo lile lile. Pampu ya joto imenunuliwa kwa fedha nyingi, paneli za jua zinang'aa juu ya mabati, na bado saa kumi na moja na nusu alfajiri, katikati ya Juni, mama wa nyumba anawasha babula, jiko la makaa, ili watoto waoge kabla ya kwenda shule. Mara nyingi mashine yenyewe ni nzima. Kosa huwa ni saa ambazo mashine imeachwa ifanye kazi, mahali ilipowekwa, au bomba ambalo fundi alilichagua kwa sababu lilikuwa rahisi. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi kama inavyofanyika nyumbani, na ninakuomba usiruke hatua hata kama fundi wako anakuhakikishia kuwa amezoea.

## Jambo la kushika kabla ya kununua

Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Friji hutoa joto ndani ya kabati na kulitupa nyuma; pampu ya joto hulitoa joto kwenye hewa na kulisukuma ndani ya tangi la maji. Umeme huendesha kompresa inayolihamisha joto hilo, na ndiyo maana kilowati-saa moja ya umeme inaweza kuingiza kwenye maji kilowati-saa tatu za joto, ilhali rezistansi, yaani waya wa kupashia maji, ya tangi la kawaida huingiza moja tu.

Uwiano huo wa tatu kwa moja haudumu saa zote. Hewa ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi mashine hufanya kazi kwa wepesi. Hewa ikishuka hadi karibu nyuzi 8, kama ilivyo alfajiri nyingi za Juni na Julai hapa kwetu, kompresa huhangaika muda mrefu zaidi ili kupata joto lile lile. Kwa bahati nzuri, saa ambazo hewa ya Lubumbashi ina joto ndizo saa ambazo paneli zinatoa umeme mwingi. Mtambo uliofungwa vizuri hupasha maji kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, huyatunza usiku kucha, na alfajiri hauna kazi yoyote ya kufanya.

Kwa maneno mengine, tangi ndilo betri. Lita 200 zilizotolewa nyuzi 18 hadi nyuzi 55 hubeba takriban kilowati-saa 8.6 za joto, na tangi lenye sponji nzuri ya kuzuia joto lisitoke hulipoteza joto hilo polepole. Anayenunua betri kubwa ili pampu ifanye kazi usiku amelipia mara mbili kitu ambacho tangi lingempa bila malipo.

Ipo mitambo ya aina nyingine, ambayo gesi inayobeba joto hupita yenyewe kwenye bamba lililo juu ya paa na kupokea joto la jua moja kwa moja. Ni mizuri, lakini humtaka fundi wa gesi aunganishe mabomba ya shaba juu ya nyumba, na katika mji wa shaba kama huu wetu bomba la shaba lililo wazi halikai muda mrefu kabla ya kupata mnunuzi. Mwongozo huu unahusu aina ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi: pampu inayochukua joto la hewa, iliyokaa juu ya tangi lake kwa kipande kimoja, gesi ikiwa imefungwa tangu kiwandani, nayo ikilishwa na paneli za umeme wa jua.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya fundi kuja

- Pampu ya joto yenye tangi la lita 200, ya volti 220 hadi 240 na hezi 50. Soma kibandiko mwenyewe, kwa sababu mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za hezi 60 na hazitufai.
- Paneli 4 za wati 400 kila moja, pamoja na reli, skrubu na nyaya za jua.
- Inveta, ambayo mafundi wetu huiita konvertisa, ya kVA 3 na yenye wimbi safi. Iwe ya aina inayoweza kuchanganya umeme wa jua na wa SNEL, shirika la umeme la Kongo.
- Betri ndogo ya lithiamu ya kilowati-saa 2.4 au zaidi kidogo. Kazi yake nitaieleza katika hatua ya sita.
- Kinga ya volti yenye kuchelewesha uwashaji kwa dakika 5.
- Vali ya usalama ya bari 7, vali ya kuzuia maji kurudi, vali ya kuchanganya maji ya moto na baridi, na chupa ya upanuzi ya lita 8 hadi 12.
- Mabomba ya PPR, plastiki inayochomelewa, ya maji ya moto na viungo vyake, pamoja na mashine ya kuyachomelea.
- Sponji ya kufunika mabomba ya moto.
- Dijonkta (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 16, dijonkta tofautishi (inayojikata umeme ukivuja) ya miliampea 30, parafudri (kinga ya radi) moja ya upande wa paneli na moja ya upande wa nyumba, nyaya za shaba za milimita 2.5 za mraba, na fimbo ya ardhi.
- Kipima volti na kipimajoto cha jikoni.

Hivi viwili vya mwisho ndivyo vya bei ya chini kuliko vyote, navyo ndivyo vinavyokosekana kila ninapoitwa.

## Hatua ya 1: Hesabu ndoo

Ukubwa wa tangi haukisiwi kwa idadi ya vyumba. Ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga yenye nyuzi 40 hutengenezwa kwa lita 12 za maji ya nyuzi 55 na lita 8 za maji baridi. Mtu anayeoga kwa dushi bila kuzembea hutumia kama lita 45, na kati ya hizo 27 hutoka kwenye tangi la moto.

Chukua familia ya watu saba. Wanne wanaoga kwa ndoo, watatu kwa dushi, na jikoni hutumia lita 25 za kuoshea vyombo. Jumla ni lita 154. Tangi la lita 200 linatosha, kwa kuwa sehemu ya chini huingiwa na maji baridi wakati wa matumizi na huwezi kupata lita zote 200 zikiwa moto.

Usishawishike kununua la lita 300 kwa sababu tu tofauti ya bei ni ndogo. Maji hayo yanahitaji karibu kilowati-saa 13 za joto na saa saba za kompresa. Wakati wa mvua jua la siku moja halitakupa saa hizo, na familia itaoga maji ya uvuguvugu.

## Hatua ya 2: Pima umeme na maji ya nyumba yako

Pima volti za SNEL mara tatu kwa siku, kwa siku tatu: alfajiri, adhuhuri na saa moja usiku. Kompresa nyingi huvumilia kati ya volti 198 na 242. Volti zikishuka chini ya hapo, mota huvuta ampea nyingi zaidi, hupata joto, na waya zake za ndani huungua polepole bila mtu kujua. Nyumba nyingi zilizo mbali na kabini ya umeme, yaani transfoma ya mtaa, hupata volti 170 jioni. Kwenye nyumba kama hizo mashine isiunganishwe kabisa na SNEL bila kupitia kinga ya volti.

Baada ya delestaji, yaani kukatwa kwa umeme kwa zamu, umeme ukirudi ghafla, kompresa isiwashwe papo hapo. Shinikizo la gesi huhitaji dakika chache kusawazika, la sivyo mota hujaribu kuanza ikiwa imebanwa. Ndiyo kazi ya zile dakika 5 za kuchelewesha.

Kwa maji, tazama ndani ya birika lako. Ukiona ganda jeupe gumu, maji yako yana chokaa, jambo la kawaida kwa visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya huku kwetu. Chokaa huganda zaidi maji yanapozidi nyuzi 60, kwa hiyo utakaa kwenye nyuzi 55 na utasafisha tangi mapema kuliko kitabu cha mashine kinavyosema.

Mwisho, pima kimo cha tangi lako la plastiki la kuhifadhi maji baridi. Kila mita 10 za kimo hutoa kama bari 1. Mnara wa mita 4 hutoa bari 0.4 tu, na dushi itadondoka badala ya kumwagika. Ongeza pampu ndogo ya kusukuma maji. Ikiwa badala yake unapata shinikizo linalozidi bari 5, weka kipunguza shinikizo na ukirekebishe kwenye bari 3.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali penye hewa

Mashine humeza mamia ya mita za ujazo za hewa kila saa na kuitema ikiwa baridi. Hapa ndipo watu wengi hushindwa. Mama mmoja wa Kampemba alinipokea mlangoni kwa swali ambalo sitalisahau: «Papa, ile mulituuzisha ni friji ao ni mashine ya mayi ya moto?» Fundi alikuwa ameifunga ndani ya stoo isiyo na dirisha, karibu na magunia ya unga. Baada ya saa moja ya kazi, stoo ilikuwa baridi kuliko nje, na mashine ilikuwa ikijaribu kukamua joto kwenye hewa ambayo yenyewe ilikwisha kuipoza. Tuliihamishia barzani na siku ya pili yake watu walioga. Sikubadilisha hata skrubu moja ya mashine.

Mahali pazuri zaidi ni barza iliyoezekwa, upande wa jikoni au bafu, penye kupata joto la mchana na pasipofikiwa na mvua. Ukilazimika kuiweka ndani, chumba kiwe na angalau mita za ujazo 20 na matundu mawili makubwa ya hewa. Acha nafasi ya sentimita 50 mbele ya midomo ya hewa.

Ukiogopa wezi, jenga kizimba cha nondo zilizoachana vizuri. Usikifunike kwa bati lenye vitundu vidogo, maana utakuwa umeirudisha mashine kwenye stoo.

Sakafu nayo ikaguliwe. Tangi lililojaa pamoja na mashine hukaribia kilo 300. Mwaga msingi wa zege wenye unene wa sentimita 10 na uhakikishe kwa kipima usawa kuwa haukuinama.

## Hatua ya 4: Isimamishe na uiache ipumzike

Mizigo mingi hutufikia kwa lori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na hakuna anayejua imelala ubavu siku ngapi. Mashine ikilala, mafuta ya kompresa hutoka mahali pake na kuingia kwenye mabomba ya gesi. Isimamishe wima na uiache saa 24 kabla ya kuiwasha. Najua mwenye nyumba amesubiri miezi miwili na anataka kuona taa zikiwaka siku hiyo hiyo. Mwambie asubiri kesho.

## Hatua ya 5: Mabomba

Hatua hii ndiyo inayobeba hatari kubwa, kwa hiyo nitakaa juu yake.

Usitumie bomba la PVC la gundi upande wa moto. Bomba hilo huanza kulegea karibu na nyuzi 60, viungo vyake hufunguka, na kwa kawaida hufunguka usiku. Tumia PPR iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya moto. Chomelea kila kiungo bila kuzungusha bomba linapoingia, kwa sababu kulizungusha hutengeneza ukuta wa plastiki ndani na kupunguza njia ya maji.

Upande wa maji baridi, ukianzia bombani kuelekea tangi, panga hivi: koki ya kufunga, kipunguza shinikizo ikiwa kinahitajika, vali ya kuzuia maji kurudi, chupa ya upanuzi, vali ya usalama, kisha tangi. Kati ya vali ya usalama na tangi pasiwe na koki yoyote. Mtu akiifunga koki hiyo kwa makosa, tangi litabaki bila pa kupumulia.

Sababu ni hii: lita 200 zikitoka nyuzi 18 hadi 55 huongezeka kwa zaidi ya lita 2.5. Maji hayabanwi. Ziada hiyo lazima ipate pa kwenda, ama kwenye chupa ya upanuzi, ama nje kupitia vali ya usalama. Nimewahi kuikuta vali iliyozibwa kwa kijiti cha mti kwa sababu ilikuwa inadondosha maji na kumkera mwenye nyumba. Kiungo cha chini cha tangi kilikuwa kimeanza kupasuka. Vali inayodondosha matone mchana wakati maji yanapashwa inafanya kazi yake. Ielekezee bomba la kumwaga kwenye mfereji, na kamwe usiizibe.

Vali ya kuzuia maji kurudi ina sababu yake ya Kilubumbashi. Maji ya REGIDESO, shirika la maji, yakikatika, maji ya moto yanaweza kurudi nyuma kwenye bomba la mtaa na tangi likabaki nusu tupu. Rezistansi ya akiba iliyo ndani ya tangi ikiwaka bila maji huungua kwa dakika chache.

Upande wa moto, weka vali ya kuchanganya na uirekebishe kwenye nyuzi 45 kwa mabomba ya bafu. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Kwa wanaooga kwa ndoo, fundisha nyumba nzima kutia maji baridi kwanza.

Funika bomba lote la moto kwa sponji, hata sehemu iliyo ndani ya ukuta. Lifanye fupi pia: mita 15 za PPR ya milimita 20 hushika kama lita 2 za maji, na hizo hupoa na kumwagwa kila mtu anapofungua koki.

Mashine pia hutoa maji ya unyevunyevu wa hewa, lita kadhaa kwa siku wakati wa mvua. Bomba lake la kutolea literemke bila kupanda mahali popote.

*Utajua umefanikiwa* ukifungua maji, ukaacha shinikizo likae usiku kucha, na asubuhi karatasi kavu iliyopitishwa kwenye kila kiungo ikabaki kavu.

## Hatua ya 6: Paneli, inveta na betri ndogo

Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli hutazama kaskazini. Katikati ya Juni jua la adhuhuri huwa limeinama nyuzi 35 upande wa kaskazini. Desemba huvuka na kuwa nyuzi 12 upande wa kusini. Kwa kuwa tunahitaji maji ya moto zaidi wakati wa baridi, mimi huinamisha paneli kati ya nyuzi 15 na 20. Tunapoteza kidogo Desemba na kupata Juni, na mwinamo huo husaidia mvua ya kwanza kuosha vumbi jekundu.

Hakikisha hakuna kivuli cha mwembe, mnara wa tangi au antena kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kivuli cha tawi moja juu ya paneli moja kinaweza kupunguza umeme wa mstari mzima.

Hesabu yake ni hii. Kupasha lita 200 hudai karibu kilowati-saa 2.9 za umeme ikiwa uwiano ni tatu kwa moja. Paneli za wati 1,600, ukihesabu saa 4 tu za jua kamili na kutoa robo kwa upotevu, hutoa kilowati-saa 4.8. Ziada itaendesha friji na taa, na siku za mawingu itakuokoa.

Kuhusu inveta, usidanganywe na kibandiko cha pampu kinachosema wati 600. Kompresa isiyo na mwendo wa kubadilika huvuta mara tatu hadi sita ya ampea zake za kawaida inapoanza. Inveta ya kVA 1 itazimika kila mara, na ile ya wimbi bandia itaichemsha mota.

Na betri? Wingu likipita juu ya paneli, umeme hushuka kwa sekunde chache. Bila betri, inveta hukata, kompresa huzima, wingu huondoka, kompresa hujaribu tena. Mara ishirini kwa siku hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuiua. Betri ndogo huvusha mashine kwenye mawingu hayo, na hilo tu ndilo jukumu lake.

## Hatua ya 7: Kuunganisha umeme

Mpe pampu njia yake yenyewe kutoka kwenye sanduku la umeme: dijonkta ya ampea 16, dijonkta tofautishi ya miliampea 30, kinga ya volti, kisha mashine. Usiichomeke kwenye kamba ya kurefusha.

Waya wa ardhi si pambo. Maji, chuma na umeme vikikutana kwenye bafu, waya huo ndio unaomlinda anayeoga. Piga fimbo mahali penye udongo wenye unyevu, na uijaribu dijonkta tofautishi kwa kitufe chake kabla ya kukubali kazi. Parafudri nazo zifungwe sasa, kabla ya ngurumo za Oktoba.

Kama huna ujuzi wa umeme, kazi hii mwachie fundi umeme.

## Hatua ya 8: Jaza kwanza, washa baadaye

Fungua koki zote za moto ndani ya nyumba, kisha ruhusu maji baridi yaingie tangini. Koki zitatema hewa kwa muda. Zikianza kutoa maji yasiyokatika, funga moja baada ya nyingine, ukianza na iliyo karibu na tangi. Hapo ndipo unawasha.

Usitarajie maji ya moto baada ya nusu saa. Pampu ya wati 600 huingiza kama wati 1,800 za joto, na lita 200 zitahitaji karibu saa 5. Andika joto la tangi kila saa: likipanda nyuzi 7 au 8 kwa saa katika hewa ya mchana, mtambo uko sawa. Weka mkono kwenye mdomo wa kutolea hewa. Hewa iwe baridi waziwazi kuliko ile inayoingia.

## Hatua ya 9: Panga saa na nyuzi

Ukipuuza hatua hii, kazi yote iliyotangulia imepotea. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kupasha wakati wowote maji yanapopoa. Kwa mpangilio huo, familia ikioga saa moja usiku, kompresa huanza saa mbili usiku, katika hewa ya baridi, ikimaliza betri yako ndogo kabla ya usiku wa manane.

Rekebisha saa ya mashine kwanza, kwa kuwa delestaji ndefu huweza kuifuta. Kisha:

1. Ruhusu kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri pekee. Wakati wa mvua, ngurumo zinapozoea kuja alasiri, anza saa tatu.
2. Weka joto kwenye nyuzi 55.
3. Zima hali inayoiruhusu rezistansi kusaidia yenyewe. Rezistansi ya wati 1,500 hadi 2,000 ikiingia pamoja na kompresa, inveta ya kVA 3 huelemewa na faida yote ya pampu hupotea.
4. Mara moja kwa juma, adhuhuri ya siku yenye jua au SNEL ikiwapo, pandisha maji hadi nyuzi 60 au zaidi kidogo, hata kwa rezistansi. Bakteria wa legionela husitawi katika maji ya vuguvugu, na joto hilo huwaua.

Kipimo cha mwisho ni asubuhi ya siku ya tatu. Saa kumi na mbili, kabla mtu hajaoga, tia kipimajoto kwenye maji ya koki iliyo kabla ya vali ya kuchanganya. Ikiwa jioni maji yalitumika kwa kiasi na bado unasoma nyuzi 48 au zaidi, babula inaweza kurudi kwenye kazi ya kupika bukari, yaani ugali.

## Je, mtambo huu utapasha vyumba pia?

Swali hili huja kila Juni, na jibu langu humkatisha tamaa muulizaji. Tangi la lita 200 likishuka kutoka nyuzi 55 hadi 35 hutoa kilowati-saa 4.7 tu. Chumba cha kulala chenye madirisha yasiyofunga vizuri kitazimaliza kabla watu hawajalala, na asubuhi hakuna maji ya kuoga. Ziba nyufa za madirisha na uweke dari kwanza. Kisha, kama bado unahitaji, tumia klimatizeri (kiyoyozi) inayogeuza joto, ambayo nayo ni pampu ya joto ya hewa, na uiwashe alasiri jua lingalipo. Babula yenye makaa isiingizwe chumba cha kulala hata kwa dakika chache, kwa kuwa moshi wake usioonekana huua watu waliolala.

## Matunzo

Wakati wa kiangazi, osha paneli kila wiki mbili, alfajiri zikiwa baridi, kwa maji na kitambaa laini. Mapezi ya koili ya mashine husafishwa kwa brashi laini kila mwezi. Inua kishikio cha vali ya usalama mara moja kwa mwezi ili chokaa isiigandishe. Kila mwaka fungua anodi ya magnesi, kijiti kinacholiwa na kutu badala ya tangi: ikibaki chini ya theluthi, badilisha, la sivyo kutu itahamia kwenye tangi lenyewe.

## Kasoro ninazozikuta zaidi

Maji ni vuguvugu, mashine inanguruma siku nzima. Angalia kwanza hewa: mapezi machafu, kizimba kilichozibwa, au chumba kilichofungwa.

Inveta inazimika kompresa inapoanza. Pima volti za betri wakati huo huo. Zikishuka sana, tatizo ni betri au nyaya nyembamba kati ya betri na inveta.

Barafu kwenye koili alfajiri. Mashine inafanya kazi saa isiyo yake. Rudi hatua ya 9.

Hewa inayotoka haina ubaridi na joto la tangi halipandi. Huenda gesi imevuja. Hapa weka chini zana zako. Ikiwa kibandiko kinasema R290, gesi hiyo ni propani nayo hushika moto. Zima dijonkta, fungua milango ya barza, usiwashe kiberiti, na umwite fundi wa gesi.